Daktari Aliyekataa Kuwa Kompadre

— Jumapili padri anapanda huku. Nataka wewe uwe baba wa ubatizo wa mwanangu Moro.

Daktari Evaristo Quiñones alikuwa ndiyo kwanza ameuma empanada ya moto, ile sambusa ya unga wa mahindi. Akaimeza bila kutafuna, ikamuunguza koo, na neno lililomtoka hakulipanga.

— Hapana.

Deyanira akabaki ameshika kijiko cha matundu juu ya karai la mafuta.

— Umesemaje?

— Nimesema... hapana. Siwezi.

— Una zamu?

— Sina.

Hapo ndipo ungetamani kumziba mdomo kwa kiganja. Mwanaume mzima, daktari wa upasuaji, hajui hata kudanganya!

Watu waliokuwa wakingoja empanada pale kwenye geti la hospitali wakageuka wote. Huku kwetu La Loma, mtu akikuomba umsimamie mwanawe ubatizo, hukatai. Kataa pombe, kataa kucheza dansi, kataa hata urithi, lakini si hilo. Kukataa ni kumwambia mama wa watu kwamba mtoto wake hana thamani. Na ukikubali, tangu siku hiyo wewe na mama huyo mnakuwa kompadre na komadre, ndugu mbele ya Mungu, ndugu kuliko wa tumbo moja. Mnauguzana, mnazikana. Ila kompadre hamtongozi komadre wake. Hata walevi wa pale uwanjani, wasiomheshimu mtu, hilo hawathubutu.

— Nimekuelewa, daktari, Deyanira alisema. — Tangu nitoke wodini hujaugusa mguu wangu hata mara moja. Unamtuma Hermelinda. Nikajisemea labda kazi nyingi. Kumbe sisi watu wa mlimani tunanuka.

— Deyanira, si hivyo.

— Ni vipi basi?

Evaristo akatazama nyuso zilizomzunguka. Kila mtu alikuwa ametega sikio, na Moro mwenyewe, mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekaa kwenye kreti ya viazi, alikuwa anamkodolea macho kama hakimu.

— Siwezi kusema hapa.

— Basi malizia empanada yako. Hiyo nakupa bure. Tusije tukadaiana.

Akamgeuzia mgongo. Daktari akaondoka na empanada yake mkononi, na hakuimalizia.

Sasa nikueleze walikotoka hawa wawili. Mwaka juzi waasi walirusha mtungi wa gesi uliojazwa baruti na misumari, wakilenga kituo cha polisi. Mitungi ile hailengi kitu. Ukaangukia jikoni kwa mama yake Deyanira. Mama alifia pale pale. Deyanira alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua; baba wa mtoto alishaenda zamani kuchuma majani ya koka huko Putumayo, akapata mke mwingine, akasahau njia ya kurudi. Majirani walimlaza Deyanira kwenye machela ya kamba, wakashuka naye mlima huku risasi zinapita. Mbele alitangulia Don Abelino, mzee wa kuendesha nyumbu, akipeperusha shuka jeupe kwenye fimbo na kupiga kelele, "Raia! Raia! Tumebeba mama mjamzito!"

Helikopta ya kumpeleka hospitali kubwa haikuweza kutua kwa ukungu. Evaristo akafanya kazi kwa umeme wa jenereta. Alipasua tumbo, akamtoa mtoto akiwa mzima na mwenye hasira, kisha akashona utumbo uliotobolewa na misumari. Halafu akahamia mguuni, mfupa ulikuwa umevunjika na nyama imechanika. Akausafisha, akaufunga vyuma vya nje, akaacha kidonda wazi. Walirudi naye kwenye chumba cha upasuaji mara nyingi, safari moja kusafisha, nyingine kufunga, nyingine kupandikiza ngozi. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, lakini ni mguu wake na anautembelea.

Mtoto hakubatizwa kwa sababu barabara ya mlimani ilitegwa mabomu na padri hakupanda. Mtoto asiyebatizwa huku anaitwa moro, ndiyo maana kila mtu alimwita Moro, na lile jina likamkaa. Sasa barabara ilikuwa imesafishwa. Jumapili padri angekuja, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye.

Mchana ule Evaristo alikuwa ananawa mikono kujiandaa kwa upasuaji. Hermelinda, muuguzi anayewalaza wagonjwa usingizi, akaingia ameshika kiuno.

— Umemkatalia?

— Habari imeshafika?

— Imefika mpaka wodi ya wanaume. Yule mzee wa ngiri anauliza kama na yeye unamkataa, aanze kutafuta daktari mwingine.

— Hermelinda, nikikubali nitakuwa kompadre wake.

— Ndiyo maana yake. Na mimi ndiye mama wa ubatizo, kwa hiyo utakuwa kompadre wangu pia, Mungu anisaidie.

— Nitamwita komadre mpaka nakufa.

Hermelinda akaacha kuvaa barakoa. Akamtazama. Akamtazama tena. Halafu akacheka mpaka akaegemea ukuta.

— Yesu na Maria! Kumbe! Kumbe ndiyo maana!

— Punguza sauti.

— Vyuma umemfunga mwenyewe, ngozi umempandikiza mwenyewe, halafu ghafla "Hermelinda, mhudumie wewe." Mimi mjinga nikadhani umechoka!

— Alikuwa mgonjwa wangu. Nilipojijua, nilijitoa. Isingekuwa haki.

— Na hilo nakuheshimu. Lakini alishatoka wodini, bwana! Tangu hapo unakula empanada asubuhi, empanada jioni. Hiyo suruali inaomba msaada. Kwa nini humwambii?

— Kwa sababu atakubali.

— Ehe! Na hilo ndilo tatizo? Wenzako wanalitafuta kwa tochi.

Evaristo hakucheka. Alisugua kucha zake kana kwamba anataka kuzing'oa.

— Atakubali kwa sababu nilimtoa mtoto wake akiwa hai. Atapata wapi uso wa kunikatalia? Atanipikia, atanifulia, atalala na mimi, kisa shukrani. Sitaki mke wa shukrani, Hermelinda. Bora nimkose.

— Sasa umemkosa na umemtukana. Hongera! Nani alinifundisha kwamba kidonda cha vita hakifungwi siku hiyo hiyo? Kisafishe, kiache wazi, ngoja kitulie. Si wewe? Lakini hukuniambia kikishatulia tuendelee kukiangalia mpaka mtu azeeke!

Mlango ukafunguliwa, mgonjwa akaletwa, wakaanza kazi. Mikono ya Evaristo ilifanya kazi yake bila kutetemeka, kama kawaida yake. Moyo ndio uliokuwa hautulii.

Alipotoka, akakuta ujumbe kwenye simu.

"Daktari, samahani kwa ile ya bure. Nilikuwa na hasira. Lakini sikukosea kukuomba. Mwanangu yupo hai kwa sababu yako. Sina kitu kikubwa zaidi ya hicho cha kukupa."

Akaandika, "Nakupenda." Akafuta. Akaandika, "Tuonane tuongee." Akafuta. Akampigia mama yake, huko Tumaco pwani.

— Mama, mtu akikuomba ubatizo na hutaki, unafanyaje?

— Hutaki? Nani hataki? Mtoto ana mapembe?

— Mtoto mzuri tu, mama.

— Mama yake ana mdomo mchafu?

— Hapana. Mama yake... mama, mama yake ndiye ninayempenda.

Akasikia redio ya jirani huko pwani, na mama yake akiburuta kiti akae.

— Ay, Evaristo. Mwanangu wewe.

— Nikikubali, nampoteza.

— Unampoteza kabisa, usijidanganye. Ukimbatizia mtoto, huyo ni dada yako mpaka kaburini.

— Na nikikataa?

— Ukikataa unamwacha mtoto hana ubatizo na mama yake anaangalia chini mbele ya watu. Kwa sababu ya moyo wako wewe. Mimi sikukulea hivyo.

— Kwa hiyo nimpoteze?

— Sijui, baba. Ningejua ningekwambia. Umekula?

— Sijala, mama.

— Kula.

Alikaa kwenye ngazi za hospitali muda mrefu. Alimfikiria Deyanira akikaanga mbele ya watu wanaomsema chinichini. Akaona mama yake amesema kweli: huwezi kumpenda mtu halafu ukamwaibisha ili usimpoteze. Akaandika, na safari hii hakufuta.

"Nitakuja Jumapili. Nitamsimamia Moro. Nisamehe."

Jibu lilikuja haraka.

"Mungu akubariki, kompadre."

Lile neno la mwisho alilitazama mpaka taa ya simu ikazimika.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Walikuwepo wote waliombeba Deyanira kwenye machela, na Don Abelino amenyoa ndevu, jambo ambalo halijawahi kushuhudiwa. Hermelinda alimpakata Moro aliyevalishwa gauni jeupe, akipigana nalo kwa miguu yote miwili. Evaristo alisimama kando yake na shati jipya, mshumaa mkononi, uso kama wa mtu anayesomewa hukumu.

Padri Leonidas alikuwa mtu wa mambo ya zamani. Kabla ya kugusa maji alipenda kuwauliza watu kama wanajua wanachokifanya.

— Ninyi wasimamizi na wewe mama, sikilizeni. Kuanzia leo ninyi ni ndugu. Komadre akiugua, kompadre anakuja. Kompadre akifa, komadre analia. Mtaheshimiana kama kaka na dada. Mama, unalijua hilo?

— Nalijua, padri, akasema Deyanira.

— Muuguzi?

— Nalijua.

— Daktari?

Evaristo akafungua mdomo. Mshumaa ukaanza kutikisika. Nta ya moto ikamdondokea kwenye vidole, wala hakuonekana kuisikia.

— Naju...

— Sijasikia, mwanangu.

— Najua, padri.

Padri akanyoosha mkono kuchota maji.

— Subiri, padri, akasema Deyanira.

Alisogea na mguu wake unaochechemea, akasimama mbele ya Evaristo. Alikuwa anaitazama ile mikono.

— Daktari, mikono yako ina nini?

— Haina kitu.

— Wote hapa wanajua wewe huna mkono wa kutetemeka. Hermelinda aliniambia siku ile risasi zilipiga bati la hospitali na wewe unanishona utumbo, hukutingishika. Leo unatingishwa na mshumaa?

— Deyanira, usiniulize mbele ya watu.

— Getini ulinikatalia mbele ya watu. Nakuuliza mbele ya watu.

Hermelinda akaziba macho ya Moro, sijui kwa nini. Evaristo akatazama juu, akatazama padri, akaona hakuna wa kumsaidia.

— Padri akishamwaga maji hayo, nitatakiwa nikuite dada. Nimekuja kwa sababu sitaki uaibike. Nitakuita hivyo maisha yangu yote na sitakukosea heshima hata siku moja. Lakini umeniuliza. Sitaki kukuita dada. Nakupenda. Nimekupenda tangu ulipoanza kutembea na mikongojo kwenye korido, unautukana ule mguu. Basi. Padri, endelea.

— Aendelee wapi! alipiga kelele bibi mmoja nyuma. — Padri, usiendelee!

— Nyamazeni! padri akasema, lakini na yeye alikuwa ameshaweka chini kikombe.

Deyanira alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, machozi yalikuwa yanatiririka, na sauti yake ilikuwa ya ugomvi.

— Na kwa nini hukusema?

— Niliogopa utakubali kwa shukrani. Ningejuaje? Wewe mwenyewe ungejuaje?

— Unafikiri mimi sikujiuliza hilo? Unafikiri ni wewe tu mwenye akili kwa sababu ulisoma? Nimelala nalo, nimeamka nalo! Nilijisemea, Deyanira, wewe uliyeshonwashonwa kama gunia, mguu mmoja mfupi, mtoto mgongoni, unamwangalia daktari? Hiyo ni shukrani, mama, imekupanda kichwani. Mlipe mtu wa watu heshima yake, muwe ndugu, upone. Ndiyo maana nikakuomba ubatizo. Nilitaka nikuwekee ukuta.

— Basi labda ni shukrani kweli, akasema Evaristo taratibu.

— Hebu nyamaza, bado sijamaliza! Don Abelino alitangulia mbele ya risasi na shuka kwa ajili yangu. Namshukuru mpaka mifupa. Nikimwona nafurahi, akienda zake naendelea kukaanga. Hermelinda alinisafisha kidonda ambacho mimi mwenyewe sikuweza kukiangalia. Namshukuru vile vile, nikiachana naye nalala usingizi mnono. Hawa wote walionibeba nawashukuru, Mungu anajua. Wewe ukipita getini bila kusimama, naunguza karai zima. Nawauzia watu mkaa! Waulize!

— Kweli kabisa, ilijibu sauti ya kiume kutoka benchi la nyuma. — Alhamisi nilikula mkaa.

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Hata padri aligeukia msalaba ili asionekane. Evaristo hakucheka. Alizima mshumaa kwa vidole, akauweka chini kwa uangalifu kama kifaa cha upasuaji.

— Deyanira. Sikuokoi leo. Huna jeraha, hunidai, sikudai. Ukisema hapana, mguu wako utaendelea kutembea na mwanao ataendelea kukua. Unanitaka?

— Nakutaka.

— Sema tena.

— Nakutaka, mjinga wewe!

Kengele ikalia, maana kuna mtu alikimbilia kamba bila kuambiwa. Padri Leonidas akainua mikono yote miwili.

— Tulieni! Nimeitwa kubatiza, mvua inakuja, na gari halinisubiri. Vitabu vyangu vya siku hizi havimkatazi daktari kuwa vyote viwili, baba wa ubatizo na mchumba...

— Sisi tunamkataza! mabibi wa benchi za nyuma wakaitikia kwa pamoja.

— ...lakini nani anawaweza bibi zenu. Kwa hiyo mtoto hana msimamizi. Nani anasimama?

Deyanira hakufikiri. Akageuka.

— Don Abelino. Wewe ulisema "raia" kabla sijajua kama mwanangu ataishi. Msimamie.

Yule mzee akasogea akiwa ameshika kofia mbele ya tumbo, midomo inamcheza.

— Mwanangu, mimi ni mtu wa nyumbu tu.

— Ungekuwa mwoga ndiyo ningekukataa.

Akauokota ule mshumaa, akauwasha, akamwekea mtoto kiganja kizito juu ya kichwa. Padri akauliza jina. Deyanira alikuwa amekusudia Evaristo, lakini Hermelinda akamnong'oneza kwamba nyumba yenye Evaristo wawili ni adhabu. Mtoto akabatizwa Abelino, akapiga mayowe maji yalipomgusa, na wamama wakasema hiyo ni dalili ya mapafu mazuri. Don Abelino alilia kuliko mtoto.

Baada ya ibada tukapanda wote kwa Deyanira, kwenye ile nyumba iliyojengwa upya na majirani. Sufuria ya sancocho ilikuwa inachemka uani, kuku, ndizi mbichi, mihogo na mahindi, na wanamuziki wa filimbi na ngoma walishaanza kulewa. Mtu alikuwa ameweka maua mahali lilipokuwa jiko la marehemu mama. Deyanira akasimama pale kidogo, peke yake, halafu akafunga aproni.

Evaristo akafika na kuelekea kwenye kiti cha mwanzo chini ya turubai, kile cha wageni wa heshima. Tangu aje La Loma hajawahi kukaa kwingine. Kila sherehe daktari hukaa pale, na kidari cha kuku humfuata chenyewe.

— Wewe, unaenda wapi? Deyanira akamwita.

— Nakaa.

— Hicho ni kiti cha kompadre wangu. Don Abelino, kaa hapo.

Mzee akakaa, akapewa kidari kizima kwenye sahani ya maua, Hermelinda akapewa paja. Evaristo akabaki amesimama katikati ya uwanja na shati lake jipya, hajui aweke wapi mikono.

— Njoo huku, Deyanira akasema, na sauti ikapungua ikawa ya watu wawili. — Nataka nikwambie kitu mara moja tu, halafu nisikirudie tena. Asante kwa mwanangu. Asante kwa mguu wangu. Asante kwa kunisafisha na kunishona na kutochoka. Umesikia?

— Nimesikia.

— Basi, hiyo imekwisha. Usinidai tena.

— Na mimi nina ya kwangu, akasema Evaristo. — Asante kwa kumsimamisha padri. Mimi nisingeweza.

Deyanira akafuta uso kwa ukingo wa aproni, akachukua bakuli lililopasuka mdomo, akachovya upawa chini kabisa ya sufuria. Akamwekea mchuzi, kipande cha muhogo, na shingo ya kuku.

— Shingo? aliuliza Evaristo.

— Ndiyo, shingo. Kidari ni cha wageni. Watu wa nyumbani tunakula kilichobaki, na ukimaliza kuna vyombo vya kuosha.

Daktari Evaristo Quiñones akakaa kwenye gogo karibu na moto, moshi unamwingia machoni, mtoto Abelino amemng'ang'ania goti. Akaifyonza ile shingo mpaka mfupa ukawa mweupe, akanyoosha bakuli, akaomba nyingine.